Shajara ya mradi: uso unapotangulia kuwa supakondakta

5 Januari. Ninachotafuta

Swali la mradi ni fupi. Inakuwaje uso wa fuwele uwe supakondakta, yaani upitishe umeme bila ukinzani wowote, huku tumbo la fuwele hiyohiyo likiwa bado metali ya kawaida?

Kilichonichokoza ni PtBi2, mchanganyiko wa platini na bismuthi ambao hukua kwa matabaka. Ndani yake usupakondakta huja kwenye kelvini 0.6 hivi, yaani karibu kabisa na sifuri halisi. Lakini mwaka 2024 kikundi cha watafiti wa Dresden, Ujerumani, kilichapisha katika jarida la Nature vipimo vinavyoonyesha kwamba elektroni zinazoishi usoni peke yake, kwenye kile kinachoitwa matao ya Fermi, hufungua pengo la supakondakta (nafasi ya nishati isiyo na hali za elektroni, alama kwamba elektroni zimefungika kwa jozi) kwenye kelvini 10 hivi. Zaidi ya mara 15, ndani ya jiwe moja. Halafu mwishoni mwa 2025 kikundi hichohicho kikarudi na dai zito zaidi: pengo hilo si la kawaida hata kwa umbo, linakufa katikati ya kila tao.

Sina maabara wala mashine ya kupozea. Nina kompyuta, Python na NumPy. Kwa hiyo kazi yangu ni kujenga kwenye kompyuta bamba dogo la kitopolojia, yaani ambalo mpangilio wa elektroni za ndani unaulazimisha uso uwe na elektroni zake, kisha kulipatia mvutano kati ya elektroni, na kutazama jozi zinafungika wapi. Baada ya hapo nitabandika pengo la umbo la ajabu juu ya uso huo, nione vipimo vingeonyesha nini.

7 Januari. Aina tatu zisichanganywe

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu nimelazimika kupanga fasihi, maana maneno "usupakondakta wa usoni" yanabeba mambo matatu tofauti na watu huyamwaga kwenye kapu moja.

La kwanza ni la kuazima. Mwaka 2008 Liang Fu na Charles Kane walionyesha kwa nadharia kwamba ukiweka supakondakta wa kawaida juu ya kihami cha kitopolojia (ndani hakipitishi umeme, usoni kinapitisha), jozi huvuja na kuingia kwenye elektroni za usoni, na kwa kuwa kila elektroni ya usoni ina spini (usumaku wake mdogo wa asili) iliyofungwa kwenye mwelekeo wake wa mwendo, zao lake linafanana na supakondakta wa aina adimu sana. Mwaka 2012 tayari kulikuwa na utando wa Bi2Se3, kihami cha namna hiyo, uliokuzwa juu ya NbSe2, ambayo ni supakondakta chini ya kelvini 7.2.

La pili ni la kujiazima. FeTe0.55Se0.45, mchanganyiko wa chuma, teluri na seleni, ni supakondakta mwilini mzima kwenye kelvini 14.5 hivi, na kwa bahati njema uso wake una koni ya Dirac ya kitopolojia, yaani elektroni za usoni ambazo mchoro wa nishati yao una umbo la koni. Tumbo linaulisha uso. Hakuna haja ya kubandika vitu viwili tofauti na kuomba Mungu mahali vinapokutana pawe safi.

La tatu ndilo la PtBi2: uso unatangulia na tumbo linafuata kwa mbali. Hapa uso haupokei kitu kutoka chini, kwani chini hakuna cha kupokea kwenye kelvini 5. Mradi huu ni wa aina hii ya tatu. Aina ya kwanza ina wahandisi wake wengi na sina cha kuwaongezea.

11 Januari. Bamba

Nimechagua kielelezo rahisi kuliko vyote nilivyovijua: kimiani (nukta zilizopangwa kwa kujirudia) cha mchemraba, kila nukta ikiwa na obiti mbili na spini mbili. Hii ni familia ileile inayotumika kueleza Bi2Se3, ila nimepanga namba zangu ziwe nadhifu: kila mruko wa elektroni kwenda nukta jirani ni 1 na uzito wa Dirac ni 1. Bamba lina matabaka 20, kwa hiyo kwa kila thamani ya kx na ky (namba za mwendo wa elektroni sambamba na uso) kuna matriksi ya 80 kwa 80. Nikiongeza upande wa mashimo, yaani nafasi zisizo na elektroni, ili kuhesabu jozi, inakuwa 160 kwa 160. Kompyuta ya kawaida inaimeza bila kulalamika.

Uzuri wa namba hizi ni kwamba jibu la usoni linapatikana kwa kalamu. Nishati ya elektroni ya usoni ni ±√(sin²kx + sin²ky), na kila ukishuka tabaka moja, ukubwa wa wimbi lake unazidishwa kwa (2 − cos kx − cos ky). Katikati kabisa, kx na ky zikiwa sifuri, kizidishi hicho ni sifuri: elektroni inakaa tabaka la kwanza tu, haina hata mguu kwenye la pili. Ukienda hadi kx = π/3 kizidishi ni nusu, uwezekano unashuka hadi robo kila tabaka, na asilimia 75 ya elektroni bado iko juu. Kizidishi kikifika 1 wimbi linayeyuka ndani ya fuwele na uso haupo tena. Nishati za ndani zenyewe zimejitenga: kati ya −1 na +1 hakuna kitu isipokuwa uso.

Nimeendesha skripti bila mvutano. Matokeo yanakaa juu ya fomula hadi tarakimu za mwisho za kompyuta. Hiki ndicho kipimo changu cha kila siku. Nikibadilisha chochote kwenye programu, kwanza koni irudi ilivyokuwa.

12 Januari. Nimechora msongamano wa elektroni tabaka kwa tabaka. Sina la kuandika zaidi, ni picha nzuri tu.

18 Januari. Mvutano, na ubahili wa koni

Leo nimeingiza mvutano U kati ya elektroni mbili zilizo kwenye obiti moja ya nukta moja. Utaratibu ni wa kuzunguka: unakisia ukubwa wa jozi kwa kila tabaka, unatatua matriksi, unakokotoa jozi zilizotoka, unazirudisha ndani, unaendelea hadi namba zitulie.

Kiwango cha Fermi, yaani nishati ambayo elektroni zimejaza hadi hapo, nimekiweka kwenye 0.5, katikati ya pengo la ndani. Hapo ndani hakuna elektroni ya kucheza nayo na uso una duara moja la Fermi. Kwenye duara hilo kizidishi cha kushuka ni 0.134 tu, kwa hiyo asilimia 98 ya kila elektroni iko tabaka la kwanza. Mazingira safi ya uso kutangulia, unaweza kusema.

Na hapo ndipo ubahili ulipojitokeza. Kwa mvutano wa wastani, jozi zinanywea mzunguko baada ya mzunguko hadi zinapotea chini ya usahihi wa gridi yangu. Sababu iko kwenye fomula ya mwaka 1957 ya Bardeen, Cooper na Schrieffer. Halijoto ya mpito haiendi sambamba na mvutano, inakwenda kama e^(−1/λ), na λ ni msongamano wa hali za elektroni kwenye kiwango cha Fermi ukizidishwa kwa mvutano unaofika. Koni yangu ina msongamano wa 0.091 hivi kwa kila nukta. Mvutano nao haufiki wote: elektroni ya usoni imegawanyika nusu kwa nusu kati ya obiti mbili, na kwa kila mwelekeo ina spini moja badala ya mbili, hivyo ni robo tu ya U inayofanya kazi. Weka U = 4, λ inakuwa 0.091, na e^(−11) ni takriban 0.00002. Pengo la namna hiyo lipo kwenye karatasi. Kwenye kimiani changu ni vumbi.

Unaweza kusema basi ongeza U. Nimeongeza. Ikipanda vya kutosha, tumbo nalo linaanza kufunga jozi kwa nguvu ya kishenzi, likivusha elektroni juu ya pengo lake la ndani, na hapo huna tena uso uliotangulia, una supakondakta wa mwili mzima. Dirisha la katikati lipo lakini ni jembamba, na ndani yake uso unasaidiwa kwa siri na bendi (safu za nishati za elektroni) za ndani. Si kisa nilichokuwa nakitaka.

Kwa maneno mengine, utopolojia peke yake hauleti usupakondakta wa usoni. Unaleta uhakika kwamba uso una elektroni zake, basi. Kama elektroni hizo ni chache na zina mbio, zitabaki zilivyo.

20 Januari. Gridi ya kawaida ya kx na ky inapoteza muda kwenye maeneo yasiyo na kazi. Nimeipanga upya ili nukta zijazane karibu na duara la Fermi na ziwe chache kwingine, na nimetumia ulinganifu wa mraba kutatua sehemu moja ya nane tu. Mzunguko mmoja sasa unaisha kabla sijamaliza kusoma ukurasa.

27 Januari. Kasi

Siku kadhaa zimekwenda kwenye jambo moja, na nadhani ndilo jambo lenyewe.

Kwenye uso, wenye urefu na upana tu, msongamano wa hali ni urefu wa mstari wa Fermi ukigawanywa kwa kasi ya elektroni (na kwa 4π², lakini hiyo haibadiliki). Kwa hiyo njia mbili za kuongeza λ bila kugusa mvutano ni kurefusha mstari au kupunguza mwendo. Nikibakiza kila kitu kama tarehe 18 na kupunguza kasi nusu, λ inaongezeka mara mbili, kipeo kinashuka kutoka 11 hadi 5.5, na halijoto ya mpito inapanda mara 240 hivi. Mara 240 kwa kupunguza mwendo nusu! Nimehakiki kwa bamba lenyewe kwa kutandaza koni kwa mruko wa ziada wa usoni, na mwelekeo ni uleule: jozi zinasimama wima kwenye tabaka la kwanza, na tabaka la pili lina asilimia chache tu.

Sasa rudi kwenye PtBi2 na utazame upya. Ni nusumetali ya Weyl. Fuwele yake haina kitovu cha ulinganifu, yaani ukiigeuza kupitia nukta ya katikati hairudi ilivyokuwa, na kwa sababu hiyo bendi zake hugusana kwenye nukta za Weyl, 12 kwa jumla, takriban 48 meV (elfu za elektroni-volti, kipimo cha nishati) juu ya kiwango cha Fermi. Usoni nukta hizo huunganishwa na matao: mistari ya Fermi ambayo inaanza na kukoma, badala ya kujifunga kama duara. Tumbo lina bendi zake nyingine pia, si jangwa, ila hazikusanyiki vizuri. Matao ndiyo yenye msongamano.

Na angalia jinsi tofauti inayohitajika ilivyo ndogo. Kutoka kelvini 0.6 hadi 10 ni mara 17 hivi, na logi ya asili ya 17 ni 2.8. Kama kila kitu kingine ni sawa, inatosha λ iwe 0.2 ndani na 0.45 usoni. Hakuna muujiza hapo. Kinachoonekana kama pengo kubwa kati ya tumbo na uso ni tofauti ya wastani tu iliyopandishwa na e. Mtu akiniambia kwamba kelvini 10 usoni ni lazima iwe fizikia mpya kabisa, nitamwomba kwanza afanye hesabu hii.

3 Februari. Namba zisizoelewana

Leo nimekaa na vipimo vya wenzetu wenye maabara. Kuna namna mbili kuu za kulitazama pengo. Ya kwanza ni kuupiga uso kwa mwanga na kupima nishati na pembe ya elektroni zinazong'oka, mbinu inayoitwa ARPES. Ya pili ni hadubini ya ncha, ambayo sindano yake husogezwa hadi karibu kugusa uso na elektroni hujipenyeza katika nafasi iliyobaki.

Fomula ya 1957 inasema pengo kwenye sifuri halisi ni mara 1.76 ya kT ya mpito, yaani halijoto ya mpito ikigeuzwa kuwa nishati. Kelvini 10 zinatoa 1.5 meV, na ndiyo saizi ambayo mwanga umeiona kwenye matao. Lakini hadubini ya ncha, katika kazi iliyochapishwa 2024 pia, imekuta mapengo yanayobadilika kutoka sehemu hadi sehemu ya uso, mengine yakifika 20 meV. Kwa fomula ileile, 20 meV ingemaanisha mpito kwenye kelvini 132. Hiyo iko mbali sana na kelvini 10.

Mwanga huchukua wastani wa eneo pana, sindano inasoma atomu kwa atomu. Isitoshe, PtBi2 ikipasuliwa ina sura mbili: upande mmoja mpangilio wa atomu haufanani na upande wa pili, kwa kuwa fuwele haina kitovu. Matao ya pande hizo mbili yana urefu na kasi tofauti, na baada ya hesabu ya tarehe 27 mtu asishangae yakitoa halijoto tofauti. Uso wenye mikwaruzo, ngazi na atomu zilizokosekana unaweza kuwa na λ tofauti kila kona.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi, nalo ni ukinzani. Pengo na ukinzani sifuri ni vitu viwili. Kwenye uso wenye urefu na upana tu jozi zinaweza kufungika kwenye halijoto moja, halafu awamu zake (mdundo wa mawimbi ya jozi) zikashikana kwenye halijoto ya chini zaidi, katika mpito uliopewa majina ya Berezinskii, Kosterlitz na Thouless. Mwaka 2023 vipande vyembamba vya PtBi2 vilipopimwa ukinzani, mpito wa namna hiyo ulionekana chini ya kelvini 1. Bamba langu ni la wastani: linahesabu kufungika kwa jozi na halijui lolote kuhusu awamu kuyumba. Kwa hiyo kila halijoto ya mpito ninayoiandika humu isomwe kama "jozi zinaanza", wala si "umeme unapita bure".

9 Februari. Kwa penseli

Kila ninayemsimulia mradi anauliza kuhusu Majorana, chembe ambayo ni kinyume cha nafsi yake. Basi nieleze mara moja.

Kwenye FeTe0.55Se0.45 hesabu inavutia kweli. Ukipitisha uga sumaku, supakondakta anatobolewa na vorteksi, vizingia vidogo vya mkondo wa umeme, na ndani ya kila vorteksi kuna ngazi za nishati zenye nafasi ya pengo mraba gawanya kwa nishati ya Fermi. Kwa supakondakta wa kawaida nafasi hiyo ni ndogo kiasi kwamba ngazi zote zinaungana kuwa ukungu. Hapa pengo la usoni ni 1.8 meV na nishati ya Fermi ni 4.4 meV tu, kwa hiyo nafasi ni 0.74 meV. Kwenye kelvini 0.4, ambapo kT ni 0.034 meV, ngazi ya sifuri inaweza kusimama peke yake bila majirani kuisukuma. Mwaka 2018 ndipo kilele cha ngazi hiyo ya sifuri kilipotangazwa. Vipimo vilivyofuata viliongeza kwamba si kila vorteksi inacho, na kwamba uga ukipanda idadi ya zenye kilele inashuka.

Upande wa pili wa daftari: makala ya 2017 kuhusu Majorana za kingoni iliondolewa na jarida lake 2022, na ile ya 2018 kuhusu waya za nano iliondolewa 2021. Kilele kwenye sifuri kinaweza kutokana na mambo mengi yasiyo na utukufu. Ndiyo maana humu neno hilo naliandika kwa penseli.

16 Februari. Umbo la pengo

Sasa sehemu niliyokuwa naisubiri. Dai la 2025 ni kwamba kwenye PtBi2 pengo linabadilisha ishara mara 12 ukizunguka mzunguko mzima, umbo ambalo wanafizikia huliita wimbi la i. Wimbi la s halibadiliki kabisa. Wimbi la d, lile la maada za shaba zenye halijoto ya juu, hubadilisha ishara mara 4. Kuruka hadi 12 kunaonekana kama mtu anatafuta makuu, lakini ukikaa na ulinganifu unaona hakukuwa na pa kupita kwingine.

Chukua uso wenye ulinganifu wa zamu tatu (ukiuzungusha theluthi ya mzunguko unarudi ulivyokuwa) na vioo vitatu vya wima. Tuseme pengo linabadilisha ishara kila linapoakisiwa kwenye kioo. Basi juu ya kila mstari wa kioo lazima liwe sifuri, kwa sababu namba iliyo sawa na kinyume chake haina chaguo jingine. Mistari mitatu ni mielekeo sita. Chaguo la kwanza la akili ni sin 3θ, θ ikiwa pembe ya mwelekeo, ambalo lina sifuri sita hizohizo. Lakini elektroni za usoni hapa hazina pacha wa spini. Kila k ina mwenzi mmoja tu wa kuoana naye, yule wa −k anayepatikana kwa kurudisha muda nyuma, na hilo linadai pengo liwe sawa kwenye k na −k. sin 3θ inageuza ishara ukienda upande wa pili, kwa hiyo imetoka. Kinachofuata kwenye foleni ni sin 6θ. Mielekeo yake sita ya ziada nayo inalazimishwa: ukisimama kwenye mwelekeo ulio nyuzi 90 kutoka kwenye kioo, kioo kinakupeleka −k, ishara inatakiwa igeuke na palepale inatakiwa ibaki. Sifuri tena. Jumla 12, kila nyuzi 30.

Matao ya PtBi2 ni sita na kila moja linakatwa katikati na mojawapo ya sifuri hizi. Vifundo sita basi, yaani sehemu sita za matao ambapo pengo ni sifuri. Kwa mbinu ya mwanga ndicho kilichoonekana: pengo ncha zote mbili za tao, na katikati hakuna.

17 Februari. Swali la mwenzangu

Mwenzangu anayenikagulia skripti ameniandikia: "Kaka, ukiwa na sindano tu, bila pembe, hiyo i utaitofautishaje na d?"

Nilidhani jibu ni rahisi, vifundo vingi zaidi vitaacha hali nyingi zaidi karibu na sifuri. Nimekokotoa. Mikunjo miwili imelala moja juu ya nyingine, haina hata nafasi ya kupitisha unywele. Na ukitafakari ni lazima iwe hivyo: kwenye duara kamili, thamani za |sin 2θ| na |sin 6θ| zimegawanyika kwa namna ileile kabisa. Ya pili inapitia milima yake haraka zaidi na mara nyingi zaidi, lakini muda inaokaa kwenye kila kimo ni uleule. Msongamano wa hali unajali kimo tu. Zote mbili zinaanza na mstari ulionyooka wa E/Δ₀ (E ni nishati, Δ₀ ni pengo kubwa kuliko yote) na zote mbili zina kilele kisicho na kikomo kwenye Δ₀.

Kwa hiyo mchoro wa umbo la V kutoka kwenye sindano unasema "kuna vifundo" na unanyamaza. Idadi yake inatoka kwenye pembe, yaani kwenye mwanga. Nimemjibu: "Huwezi. Swali zuri, ndugu yangu."

22 Februari. Tao si duara

Jibu la tarehe 17 ni la duara kamili, na PtBi2 haina duara. Ina matao. Nimeendelea.

Tuseme kila tao linachukua nyuzi 10 kila upande wa kifundo chake. Pengo linapanda kutoka sifuri hadi sin 60°, yaani 0.87 ya Δ₀, halafu tao linaisha kabla ya kufika mlimani. Nimepata mambo matatu. Kwanza, mteremko wa V karibu na sifuri si E/Δ₀ tena, ni mara 1.5 yake. Pili, kilele kimeshuka hadi 0.87Δ₀, kwa hiyo anayesoma pengo kutoka kwenye kilele anasoma ncha ya tao. Nguvu kamili ya jozi haioni. Tatu, na hili ndilo lililonifurahisha, kilele chenyewe kina kikomo. Kwenye duara kinapaa bila mwisho kwa sababu pengo linatulia kwenye mlima na hali nyingi zinarundikana hapo. Kwenye tao lililokatwa pengo bado linapanda tao linapokoma, hakuna mrundikano, na kimo kinaishia mara 1.78 ya msongamano wa kawaida. Hiyo 1.78 inatoka kwenye integrali ya duaradufu, nimeihakiki kwa skripti na kwa mkono.

V yenye mteremko mkali na kilele butu. Mtu akiiona kwenye sindano atasema ncha ni chafu au joto limeingia. Na joto kweli huingia: kwenye kelvini 4.2 ukungu wa joto ni mara 3.5 ya kT, yaani 1.3 meV, karibu sawa na pengo lenyewe. Kwenye kelvini 0.4 ukungu ni 0.12 meV na tofauti ya kilele butu na kilele kali inabaki inaonekana. Chini ya hapo ndipo sindano inaweza kuchangia hoja hii, kwa kutambua kwamba mstari wa Fermi umekatwa. Idadi ya vifundo bado haitaijua.

1 Machi. Ilipofikia

Programu ina sehemu mbili zinazofanya kazi: bamba linalotafuta jozi lenyewe, na tao lenye pengo la kubandikwa. Hazijaungana. Bamba langu la mraba haliwezi kuzaa sin 6θ kwa kuwa halina vioo vya zamu tatu, na mvutano wa ndani ya nukta moja hutoa wimbi la s tu. Ili i itoke yenyewe nahitaji kimiani cha pembe tatu na mvutano kati ya majirani wa mbali, huku ule wa karibu ukisukumana. Matriksi itakua lakini si sana. Kinachokua ni orodha ya majirani.

Nimeanza na kimiani. Koni ya pembe tatu bila mvutano imetoka leo jioni, na vioo vyote vitatu vinapita kipimo. Kesho naanza na jirani wa pili, kwa sura mbili za bamba zilizo tofauti kwa makusudi, nione upande mmoja ukifunga jozi wakati wa pili umelala.